Hatujalipana

Wiki hii nimeambiwa tena, safari hii na mzee mmoja wa Isevya, hapa Tabora: "Fundi, we bomoa tu hilo banda la uani, matofali na mabati chukua, tumelipana." Nikaomba maji ya kunywa kwanza.

Mali ya banda kuukuu iko kwenye kile kilichoshikanisha tofali na tofali. Majiko na stoo nyingi za zamani hapa Tabora ni matofali ya kuchoma yaliyoshikanishwa kwa udongo wa kichuguu. Hayo nayapenda. Unachokonoa kwa mtaimbo, tofali linachomoka zima, unalikwangua kwa panga, basi. Banda la mzee huyu limejengwa kwa saruji, na ndicho anachojivunia! Saruji ikishakuwa ngumu kuliko tofali lenyewe, ukipiga nyundo linalopasuka ni tofali. Unabaki na vipande, navyo ni kifusi, na kifusi hakininunulii unga. Kinadai fuso la kukihamisha. Banda mnalolisifia uimara ndilo linalonitia hasara, na lile mnalolicheka ndilo lenye matofali. Ya tope yasiyochomwa hata tusiyazungumze, mvua mbili yamerudi udongo.

Hata yaliyotoka mazima nayagonga mawili mawili. Yakilia kama kengele, yaliiva. Yakitoa "bup", yalikaa pembeni ya tanuri. Lakini mlio umeshanidanganya, hasa tofali likiwa limelowa. Ndiyo maana matofali kuukuu nayapeleka kwenye uzio au banda la kuku. Ukuta wa kubeba lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, mimi simo.

Mabati: kila tundu la msumari ni mlango wa mvua. Mbao zigonge kwanza, mchwa hula ndani akakuachia ganda. Kiini cha mninga nitakichukua nikicheka. Paa ndilo linaloanza, kisha kuta kozi kwa kozi, yaani safu moja moja ya matofali, kutoka juu, na umeme wakate TANESCO, siyo mpwa wako. Ukikuta juu ni shiti za asbesto, utani umeisha: usizivunje wala kuzikata, vumbi lake linaua mapafu miaka mingi baadaye. Na usizipeleke kuezekea mbuzi.

Halafu kwenye "zawadi" kulikuwa na choo cha shimo. Haingii mtu mle hata ndoo ikitumbukia; hewa yake huangusha kijana mzima, na anayemfuata kumwokoa naye haendi mbali. Nafukia kwa tabaka, nashindilia kila tabaka, juu naacha tuta. Zamani nilisema subiri masika moja ndipo ujenge. Kisha shimo moja likazama baada ya masika mbili, mbele ya macho yangu, na sakafu juu yake. Tangu hapo nashauri migomba.

Mzee akaniuliza kama mkungu wa kwanza nao utaingia kwenye malipo.