Haya, nani mwingine anataka "niwekee maneno tu"?

Wiki hii nimeisikia tena, kwa mteja anayetaka nimwandikie skripti ya filamu: "Kaka, stori ninayo yote kichwani, sini nazijua, wewe niwekee maneno tu ya waigizaji." Akaongeza kwamba kwa mtu anayejua Kiswahili hiyo ni kazi ya wikiendi moja. Ingekuwa hivyo, Dodoma nzima tungekuwa waandishi wa skripti. Bodaboda wa Majengo wana maneno kunishinda.

Maneno ndiyo naandika mwisho. Kwanza kuna muhtasari, kuna mtiririko wa matukio, kuna kujua nani anataka nini na nani kamkalia kooni. Hayo hapa sitayaeleza, kila kitabu cha uandishi kinayo.

Kijana mmoja aliniletea sini ya ndoa iliyochoka. Mke anasimama sebuleni: "Mume wangu, tangu tuoane miaka kumi iliyopita umekuwa ukirudi usiku wa manane, nami nimechoka kuvumilia." Jamani, mume anajua ni miaka kumi, alikuwepo! Anayeambiwa ni mtazamaji, na mtazamaji hapendi kuhutubiwa. Nikamwambia futa. Mke anapakua ugali wa uwele na mlenda, sahani mbili. Anakula yake, ya pili anaifunika kawa. Anazima taa. Asubuhi anafunua, ugali umekauka umepasuka katikati, anaumwaga uani, kuku wanaugombania. Mume yuko mlangoni anafunga kamba za viatu. Kimya.

Akaniuliza, "Sasa hapo mwandishi umeandika nini?"

Nimeandika sahani, kawa, kuku na viatu, kwa mfuatano huo. Ukianza na viatu, sini inakuwa ya mume anayewahi kazini, na mke anageuka kero ya asubuhi. Uamuzi huo si wa dairekta wala wa mpiga picha, unatakiwa uwe umeshakaa kwenye karatasi.

Halafu kuna wale wanaochukua skripti ya filamu na kuipandisha jukwaani kama ilivyo. Aliyekaa mstari wa nyuma hauoni ugali uliopasuka, na hakuna kamera ya kumsogezea. Hapo ninamwingiza jirani aliyekuja kuomba chumvi. "Sahani ya nani hii?" "Ya mwenyewe." "Ya jana?" "Chumvi iko kwenye kopo, shoga." Maneno yameongezeka, lakini angalia: ndoa haijatajwa popote. Redioni nako kawa haina mlio, kwa hiyo naweka mfuniko wa sufuria, na kuku wanapata nafasi kubwa kuliko walivyotarajia.

Najua utaniambia redio ni maneno matupu. Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati mwaka 1993, na huku Dodoma tuliachwa nje mpaka 1995 makusudi, ili watafiti wapate eneo la kulinganisha. Waliripoti kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi kule mchezo ulikosikika. Sidhani ni kwa sababu ya mawaidha; mawaidha redioni yalikuwepo siku zote. Ni kwa sababu Mkwaju, dereva wa lori, alikuwa na tabia zake na watu wakafuatilia zitamfikisha wapi.

Waelezee hilo wanaoagiza maigizo ya uhamasishaji, ambayo kwa sisi wa huku kanda ya kati ndiyo yanayolipa kodi ya nyumba. Unapewa orodha ya ujumbe, kila mmoja utamkwe kikamilifu, dakika kumi, viwanja vya Nanenane Nzuguni. Mgeni rasmi anachelewa, dakika kumi zinakatwa kuwa nne. Upepo wa Dodoma unaingia kwenye maiki. Hotuba yote uliyompa mwigizaji imekwenda na vumbi, na watu wanakumbuka tu yule mzee aliyeficha kadi ya kliniki kwenye kofia. Kwa nini basi tusianze na kofia?

Kuna mambo mawili ambayo sijayamaliza. Wanafundisha kwamba ukurasa mmoja wa skripti ni dakika moja kwenye skrini. Kwa Kiswahili siamini sana. Wazee wawili wakisalimiana kama inavyostahili, ukurasa wangu unakula dakika mbili, na nikiikata salamu wanaonekana wamegombana. La pili ni zito zaidi. Waigizaji wetu wengi wamezoea kupewa tukio na kujisemea wenyewe, na kuna siku mwigizaji anatupa sentensi yangu na kusema yake, yenye ladha ya Kigogo, lugha ya Wagogo wa huku, iliyo bora kuliko yangu. Siku hiyo jina la mwandishi linalotokea mwisho ni la nani? Naliacha langu, lakini sina raha nalo.

Kuhusu hofu ya kuibiwa stori, nitakuwa mfupi: Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 hailindi wazo. Inalinda kilichoandikwa. Hiyo iliyoko kichwani mwako mpaka sasa haina mwenyewe, kwa hiyo usinitake nisaini karatasi ya siri kabla hujanisimulia. Iandike kurasa mbili, hata kwa peni, uniambie nani anafanya nini. Bei tutaongea nikishasoma, na sehemu ya kwanza inalipwa kabla sijaandika sini hata moja.