Kichocho cha Ziwani Hakikai Tumboni

Muulize mtu yeyote mwaloni Kirumba, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, kichocho kinapatikanaje, wengi watakwambia: "Kwa kunywa maji ya ziwa." Ndiyo maana mama anachemsha maji ya kunywa hadi yatokote, halafu jioni watoto wanaenda kuogelea.

Kichocho hupenya kwenye ngozi. Kijidudu chake kikitoka kwa konokono wa majini, dakika chache zinakitosha. Kinaingia kwenye vena, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, kinabebwa hadi upande wa kulia wa moyo, kinasukumwa mapafuni, kinarudi upande wa kushoto, kisha kinarushwa mwilini. Hapo inaanguka na ile dhana kwamba moyo ni pampu moja. Ni pampu mbili zilizoshikana, moja ya mapafu na moja ya mwili mzima, na mtu mzima akiwa ametulia kila moja hupitisha kama lita 5 kwa dakika, yaani karibu damu yake yote.

Safari inaishia kwenye mishipa ya ini, ambako mdudu hukomaa. Dume humkumbatia jike, wakahamia kwenye vishipa vinavyozunguka utumbo. Ndani ya utumbo kwenyewe hawamo. Wanaishi ndani ya damu, tena kwa miaka.

Kukojoa damu? Hicho ni kichocho kingine, cha kibofu, cha kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga. Mwenye kichocho cha ziwani mkojo wake unaweza kuwa safi kabisa.

Dhana inayoniuma zaidi ni ya mtu anayetapika damu, tumbo limejaa, na ukoo mzima unasema karogwa. Kinachoumiza hasa ni mayai ya mdudu. Mengine hutoka na choo. Mengine husombwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama na kuacha makovu. Sasa, damu inayotoka kwenye utumbo lazima ipite kwenye ini kabla ya kurudi moyoni. Ikikuta njia imebana, inafanya kama bodaboda kwenye foleni: inatafuta uchochoro. Uchochoro wenyewe ni vena nyembamba za umio, ile njia ya chakula toka kooni hadi tumboni, zisizoumbwa kwa mzigo huo. Zinatuna kimyakimya, na siku moja ikipasuka, beseni linajaa damu.

Kuna na wanaosema, "Mimi nilishameza dawa shuleni." Dawa hiyo, prazikwanteli, huua wadudu waliokomaa mwilini, haikingi. Ukiingia ziwani kesho kusukuma mtumbwi, hesabu inaanza upya.