Peke Yako au na Timu? Dhana Zinazowaponza Watafuta Kazi na Wenye Kazi Nairobi

Swali hili halikosi kwenye mahojiano ya kazi, uwe umeitwa benki Upper Hill au ghala la mabati Industrial Area: "Wewe hupenda kufanya kazi peke yako au na wenzako?" Wengi huja na jibu walilolikariri ndani ya matatu. Na nyuma ya jibu hilo kuna dhana chungu nzima kuhusu kazi, nyingine za kuletwa, nyingine za kwetu kabisa.

"Ukisema unapenda kufanya kazi peke yako, kazi umeikosa"

Hii ndiyo inayoponza watu zaidi. Karibu kila wasifukazi unaopita mezani una sentensi ileile: naweza kufanya kazi peke yangu na pia na wenzangu, bila kusimamiwa. Jopo huisoma kama linavyosoma "mimi ni mchapakazi", yaani hupita tu. Mtu akiulizwa ana kwa ana hujibu "mimi ni mtu wa timu", kisha hunyamaza akingoja swali lingine.

Jibu zuri hutegemea kazi yenyewe. Mhasibu anayefunga vitabu mwisho wa mwezi, mtu wa kugeuza rekodi za sauti kuwa maandishi, fundi wa simu kwenye kibanda cha Luthuli Avenue, dereva wa lori la usiku kwenda Mombasa: hawa mwajiri angependa kujua kwamba wanaweza kukaa na kazi saa nyingi bila wa kupiga gumzo naye. Muuguzi wa wodi au mpishi wa hoteli akisema anapenda kujifungia, hapo pana shida.

Isitoshe, jopo halitafuti hasa unachopenda. Linatafuta tukio. Chukua watu wawili walioomba kazi ya karani wa stoo. Mmoja anasema, "Naamini umoja ni nguvu." Mwingine anasema, "Tulipohesabu mali ya duka tulikuwa watatu. Mimi nilisoma rafu, mwenzangu akaandika, wa tatu akarudia hesabu jioni bila kuona zetu. Tofauti zilipotokea tulijua ni rafu gani. Ripoti niliandika mimi, nyumbani, maana kelele hunichanganya." Huyu wa pili hajachagua upande wowote, lakini kila aliyeketi pale anajua yeye mwenyewe alifanya nini. Kwa maoni yangu swali zima liko hapo. Uwe peke yako au uwe na kumi, je, sehemu yako inaonekana?

"Wakiwa wengi, kazi hukimbia"

Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa. Lakini wahenga haohao walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama, na hii ya pili hatuisikii ikisomwa kwenye mikutano.

Mhandisi mmoja wa kilimo wa Ufaransa, Max Ringelmann, aliwavutisha watu kamba akapima nguvu zao. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1913. Kadiri wavutaji walivyoongezeka, ndivyo kila mmoja alivyotoa kidogo. Walipofika wanane, kila mtu alikuwa akivuta takriban nusu tu ya alichoweza akiwa peke yake. Unaweza kusema tatizo lilikuwa mpangilio, kwamba hawakuvuta kwa mpigo mmoja, na kwa kiasi ni kweli. Ila mwaka 1979 mwanasaikolojia Bibb Latané na wenzake huko Marekani waliwaambia watu wapige makelele kwa nguvu zao zote, huku wamefungwa macho na kuvalishwa vipokea sauti masikioni. Mtu alipoamini kwamba anapiga kelele pamoja na wenzake watano, ilhali ukweli ni kwamba alikuwa peke yake, sauti yake ilishuka hadi karibu robo tatu ya ile aliyotoa alipojua yuko peke yake. Hapakuwa na mpangilio wa kuvurugika. Alikuwa anategea, na huenda yeye mwenyewe hakujua.

Jambo ambalo watu husahau kulitaja ni lile lililofuata. Watafiti haohao walipowafanya watu waamini kwamba sauti ya kila mmoja inapimwa kivyake, hata akiwa kundini, kutegea kulikwisha. Kwa hiyo wingi peke yake haukuwa kosa. Kosa lilikuwa wingi usiomtambua mtu.

Nenda Kamukunji, kwa mafundi wa bati wa jua kali, uone jambo hilohilo bila maabara. Sanduku la shule, lile la bati ambalo mtoto wa kidato cha kwanza huenda nalo bweni, mara nyingi hupitia mikono kadhaa. Kuna mwenye mashine ya kukatia bati, kuna wa kukunja na kugonga kingo, kuna wa kutia bawaba na kitasa, kuna wa rangi. Kelele za nyundo zimejaa kiasi kwamba watu huelewana kwa ishara. Hakuna aliyewahubiria habari za timu. Lakini kingo zikiwa zimepinda, anajulikana aliyezikunja, na anarudishiwa sanduku palepale kabla ya kulipwa. Mgawanyo ule una nidhamu ambayo ofisi nyingi za Westlands zingeililia.

Kwenye kazi za programu za kompyuta dhana hii ya wingi imegharimu hela nyingi zaidi. Fred Brooks, aliyesimamia mradi mkubwa wa programu kule IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliokwisha kuchelewa huuchelewesha zaidi. Sababu mojawapo ni hesabu ya kawaida tu. Watu watatu wana njia tatu za kuzungumza wawili wawili. Watano wana 10. Watu 10 wana 45. Na wageni wote lazima wafundishwe na walewale ambao tayari wamezidiwa. Hata hivyo, utasikia bosi akisema, "Niwaongeze watu wawili mmalize Ijumaa?"

"Mawazo mazuri huzaliwa kikaoni"

Hapa ndipo pesa za warsha huenda. Mnapelekwa Naivasha siku mbili, karatasi kubwa zinabandikwa ukutani, kalamu za rangi zinagawiwa, na mwezeshaji anawaambia hakuna wazo baya. Chai ya saa nne inakuja na mandazi na soseji. Jioni karatasi zinakunjwa, zinatiwa kwenye buti la gari, na mara nyingi huishia humo.

Mtindo huo ulienezwa na Alex Osborn, mtu wa matangazo ya biashara wa Marekani, aliyedai katika miaka ya 1950 kwamba kundi likikaa na kurusha mawazo bila kukosoana, kila mtu atatoa mengi kuliko akiwa peke yake. Mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wakalipima dai hilo. Waliwaweka watu wanne wanne pamoja, halafu wakachukua wengine idadi ileile, kila mmoja chumbani kwake, na mawazo yao yakajumlishwa baadaye. Waliokaa peke yao walitoa mawazo mengi zaidi. Tafiti za baadaye zilionyesha sababu kubwa mojawapo: kikaoni anasema mmoja kwa wakati. Ukingoja zamu, wazo lako linapotea, au unaliona dogo baada ya kumsikia mwenye sauti kubwa. Kikao chenye bosi ndani yake, hilo ni maradufu. Nani atapingana na mkurugenzi kabla ya chakula cha mchana?

Hii haimaanishi vikao vifutwe. Kuchuja, kukosoa na kuamua ni kazi za kikao. Kuzaa wazo ni kazi ya mtu na kalamu yake, siku moja kabla. Ukiwaomba watu waje na mistari mitano iliyoandikwa, hata karani aliyeajiriwa juzi anasikika. Na kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2010, ulioongozwa na Anita Woolley, uliokuta kwamba uwezo wa kundi haukufuata sana akili za mwanachama wake mwerevu kuliko wote. Ulifuata zaidi jinsi watu walivyopokezana kuzungumza na jinsi walivyoweza kusoma hisia za wenzao. Kundi lililotawaliwa na msemaji mmoja lilifanya vibaya, hata kama msemaji huyo ana shahada tatu.

"Sisi Waafrika tumezaliwa kufanya kazi pamoja"

Hii hutamkwa kwa fahari, na ni ngumu kuipinga bila kuonekana umeasi ukoo. Harambee imo kwenye nembo ya taifa. Wakikuyu walikuwa na ngwatio, Wakamba mwethya, Wajaluo saga. Yote kweli. Lakini tazama zilivyofanya kazi. Kwenye ngwatio, leo mnalima kwangu, kesho kwako, keshokutwa kwa yule. Asiyefika kwa mwenzake alijua siku yake itafika na shamba litamngoja peke yake. Ule haukuwa upendo unaotiririka tu. Ulikuwa mkopo wa jasho, na kila mtu alikumbuka nani anamdai nani.

Chama cha leo, kile cha kuchangiana na kuweka akiba, ni hivyohivyo. Kuna daftari, kuna mweka hazina, kuna faini ya kuchelewa na faini ya kupokea simu mkutano ukiendelea. Kina mama wa Kayole hawaaminiani kwa sababu ni Waafrika. Wanaaminiana kwa sababu mwezi uliopita kila jina lilikuwa na tiki. Kwenye harambee zenyewe, mchango husomwa kwa kipaza sauti: jina, halafu kiasi. Na siku hizi za WhatsApp ni palepale. Orodha inaanza na namba moja, mtu anainakili, anaongeza jina lake na mia tano yake chini, anairudisha kundini. Jaribu kuchangisha bili ya hospitali bila orodha uone. Wote watasema "tuko pamoja", na hospitali itaendelea kudai.

Kwa hiyo tuna urithi wa kufanya kazi pamoja, ndiyo, lakini ni urithi wa hesabu iliyo wazi. Meneja anayesema "sisi hapa ni familia" ili asiandike nani anafanya nini, huo urithi hajaushika.

"Anayekaa peke yake ana maringo"

Si lazima. Wengine hufikiri vizuri kukiwa kimya, na hilo halihusiani na dharau wala haya. Anaweza kuwa mcheshi kabisa saa ya chakula. Na kuwabwaga wote kwenye ukumbi mmoja bila kuta si dawa: uchunguzi wa Ethan Bernstein na Stephen Turban wa mwaka 2018, katika kampuni mbili kubwa zilizoondoa kuta, ulikuta mazungumzo ya ana kwa ana yakipungua kwa takriban asilimia 70. Watu walihamia kwenye barua pepe na jumbe.

"Anayefanya kazi mtandaoni hahitaji mtu"

Kijana wa Roysambu mwenye laptopu na intaneti huambiwa amejitoa kwenye habari za timu. Wakenya tungekuwa wa mwisho kuamini hivyo. Mbio za marathoni huonekana kama kazi ya mtu mmoja na miguu yake, lakini Eliud Kipchoge alipokimbia Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 kwa saa 1:59:40, alikuwa na wakimbiaji 41 waliopokezana kumwekea kasi na kumkinga upepo. Hiyo ni sababu mojawapo ya muda ule kutohesabiwa kuwa rekodi rasmi. Ushahidi nayo, ile ramani ya mtandaoni ya kukusanya taarifa za ghasia za baada ya uchaguzi, ilijengwa kwa siku chache Januari 2008 na watu ambao hawakuwa chumba kimoja. Ory Okolloh alitoa wazo akiwa Afrika Kusini, David Kobia na Erik Hersman wakiwa Marekani. Kila mmoja alikuwa peke yake mbele ya skrini, akijua kipande chake.

Waandishi wa mtandaoni hukwama pahali pamoja hasa: mmoja anapata kazi kubwa, anaigawa kwa wenzake wanne, mteja anairudisha ikiwa na makosa, na hakuna anayekubali kwamba ukurasa wa tisa ni wake. Dawa yake si kongamano la kujenga timu. Kila mtu awe na faili lake lenye jina lake. Mmoja ateuliwe kuhariri, naye alipwe kwa kuhariri, asifanye bure kwa urafiki. Malipo yahesabiwe kwa kurasa zilizokubaliwa na mteja, si kwa kurasa zilizotumwa. Na mambo hayo yaandikwe kundini kabla mteja hajatuma hata senti, kwa sababu pesa zikishaingia kwa M-Pesa ya mtu mmoja, mazungumzo hubadilika.