Firigisi Huvaa Neva Zake Nje

Jikoni kwetu Dodoma firigisi hupasuliwa, mtama na changarawe zikamwagwa, kisha ile ngozi ngumu ya njano ikamenywa. Upande wa nje huoshwa tu. Kumbe uzuri uko huko. Chini ya utando mwembamba unaong'aa, juu kabisa ya misuli, umetandazwa wavu wa neva, yaani mishipa ya fahamu. Ukiuweka chini ya hadubini unaona nyuzi zikikutana kwenye vifundo, na ndani ya kila kifundo seli za neva zimejikusanya, zikizungukwa na seli ndogo za kuzitunza. Wavu huo ndio unaoratibu usagaji, mikazo 2 au 3 hivi kwa dakika.

Kwenye utumbo, wavu kama huo umefichwa katikati ya tabaka mbili za misuli. Firigisi haina tabaka ile ya nje, ndiyo maana neva zake zimebaki juu. Tena ndege ana neva ya Remak, mlolongo wa vifundo unaoandamana na utumbo kuanzia kloaka, tundu la pamoja la kinyesi na mayai. Mbuzi hana, nasi hatuna.

Seli hizi za neva za tumbo hutoka mbali. Nicole Le Douarin, mtafiti wa Ufaransa, alipandikiza tishu za kware kwenye viinitete vya kuku. Kiini cha seli ya kware hutambulika kwa hadubini, hivyo aliweza kuzifuatilia: nyingi huanzia eneo la shingo na kusafiri hadi mwisho wa utumbo. Kufikia siku ya 8 au ya 9, kati ya 21 za kuatamiwa, zimeshafika. Kwangu mimi hakuna safari ya kustaajabisha kuliko hiyo ndani ya yai.

Mfugaji naye ana sababu ya kuzijua neva. Virusi vya mahepe, ugonjwa wa kuku uitwao pia Marek, vikishambulia neva ya vagasi, inayoshuka shingoni, gole (mfuko wa kuhifadhi chakula) hulegea na chakula hakishuki. Kuku hukonda huku gole limejaa. Wengine hulala mguu mmoja mbele, mwingine nyuma. Hadubini huonyesha chembe nyeupe za damu zimejazana kati ya nyuzi.

Chanjo hutolewa kifaranga akiwa wa siku 1. Kuku akifa na dalili hizo, mpeleke kwa daktari wa mifugo mapema, kabla hajaoza. Daktari anapompasua hulinganisha neva za kulia na kushoto: iliyo nzima ni nyembamba, nyeupe, ina mistari midogo ya kukingama, iliyougua huvimba, huwa ya kijivu au njano, na mara nyingi ni ya upande mmoja tu.