Agapao na fileo: Petro hakupewa mtihani wa msamiati

Mahubiri mengi hudai kwamba katika Yohana 21:15-17 Yesu anamwuliza Petro "Wanipenda?" mara 2 kwa kitenzi cha Kigiriki agapao, "upendo wa kimungu", naye Petro anajibu kwa kitenzi kingine, fileo, "urafiki tu", hadi Yesu anashuka na kuuliza kwa fileo. Vitenzi ni hivyo kweli. Maana hizo ndizo tatizo. Linganisha Yohana 3:35 na 5:20: Baba yuleyule ampenda Mwana yuleyule, kwanza agapao, kisha fileo. Na 3:19, watu walipenda giza: agapao! Yohana hubadilisha maneno tu. Hapohapo katika 21:15-17 ana arnia (wana-kondoo) na probata (kondoo), bosko (kulisha) na poimaino (kuchunga). Tena mara 2 za kwanza Petro anaanza kwa "Naam": anakubali alichoulizwa, hakipunguzi. Kilichomhuzunisha, yasema aya ya 17, ni kuulizwa mara ya 3.