Faida ya mfumo wa kompyuta inapimika

Maofisini hapa Dar watu wengi wanaamini eti faida ya mfumo wa kompyuta haipimiki, ndo maana kampuni hazipigi hesabu kabla ya kununua. Sio kweli jamani. Pima muda unaotumika kuandaa ankara moja kabla ya mfumo, pima tena baada ya miezi sita, angalia makosa yamepungua kiasi gani na ovataimu imeshukaje. Shida ni kwamba ile namba ya mwanzo hakuna anayeichukua, na bosi aliyepitisha bajeti anaogopa namba zisije zikamuumbua, alafu leseni za kila mwaka, mafunzo na matengenezo vinaingizwa kwenye mafungu mengine kwahiyo gharama kamili haionekani, na hilo ndo linaniuma zaidi.