Plagi Kuingia Si Ushahidi Kwamba Laini Inafaa

Wageni wanaoniletea kompyuta mpakato hapa Mtwara huamini kwamba, maadamu plagi ya modemu (kifaa kinachoiunganisha kompyuta na intaneti kupitia waya wa simu) imeingia kwenye soketi ya simu ya chumba cha hoteli na kushika, laini hiyo ni salama. Hiyo si kweli, na hakuna dhana nyingine inayoniletea modemu nyingi zilizoungua kuliko hii. Soketi ya RJ-11, yaani soketi ndogo ya kawaida ya simu, hueleza umbo la plagi tu, wala haielezi umeme uliomo ndani ya nyaya. Laini ya analogi, yaani laini ya kawaida ya simu, huwa na takriban volti 48 wakati haitumiki, na modemu inapoishika, yaani inapoifungua ili kupiga simu, hupitisha miliampia 20 hadi 50 hivi, kiasi ambacho modemu imeundwa kukihimili. Hoteli yenye swichibodi ya dijitali, yaani mtambo wa ndani unaounganisha simu za vyumba, hutumia soketi zilezile kuzilisha umeme simu zake zenye kioo na vitufe vingi, na mkondo huo unaweza kuzidi miliampia 100. Nikiifungua mashine iliyochomekwa huko, kompyuta yenyewe huwaka vizuri, lakini pembeni mwa soketi ya modemu nakuta doa jeusi na harufu ya plastiki iliyoungua. Wengi hunijibu kwamba simu ya chumbani ilikuwa ikifanya kazi; bila shaka ilifanya kazi, kwa sababu iliundwa kwa ajili ya swichibodi hiyo. Nunua kipima laini, kifaa kidogo kinachoenea mfukoni, na taa yake ya hatari ikiwaka, usichomeke. Kama huna, nenda mapokezi uombe laini ya faksi, kwa kuwa mashine za faksi kwa kawaida hutumia laini ya analogi. Ushauri huu naurudia kwa kila mteja na nitaendelea kuurudia.

Wapo pia wanaodhani kwamba modemu itaikataa yenyewe laini mbaya kwa kuonyesha ujumbe kuwa hakuna mlio wa kupigia simu. Ujumbe huo hutokea baada ya modemu kuishika laini, yaani baada ya mkondo kwisha kuingia.

Kuhusu radi, ambazo Mtwara na Lindi huzipata katika mvua za Desemba hadi Aprili, kuizima kompyuta hakutoshi, kwa sababu waya wa simu bado umeunganishwa na modemu. Ekstensheni yenye kinga nayo hulinda upande wa umeme peke yake, isipokuwa iwe na soketi za simu na waya wa simu upitishwe humo. Wingu likitanda, chomoa nyaya zote mbili ukutani.